Wanabishania Nini? Historia Fupi ya Suala Bishaniwa

Utangulizi

Miongoni mwa maswali yanayotungwa ili kupima uwezo wa mtu wa kufikiri kimantiki, lipo moja ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana jepesi, walakini huwatatiza wengi. Mtahiniwa hupewa maneno ya wasemaji wawili, kila mmoja akiwa na sentensi mbili au tatu tu, kisha huulizwa: Je, wasemaji hawa wanahitilafiana juu ya jambo gani? Chini ya swali huorodheshwa majibu matano, na moja tu ndilo sahihi. Maswali ya namna hii hupatikana katika mtihani ujulikanao kwa kifupi kama LSAT, ambao hufanywa na watu wanaotaka kuingia vyuo vya sheria nchini Marekani na Kanada.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya swali hilo, ambalo umri wake unaupita kwa mbali umri wa mtihani wenyewe. Limeulizwa na walimu wa ufasaha wa Kiyunani, na wanazuoni wa fiqhi, na majaji wa Uingereza, na wanafalsafa wa karne ya ishirini. Kila kundi lililazimika kwanza kutafuta neno la kulitajia jambo linalobishaniwa, na kulitenga na mambo mengine yaliyo jirani nalo. Kazi hiyo ndiyo inayotukabili sisi tunaotumia Kiswahili katika mahakama, katika ofisi na katika madarasa. Nayo, kama itakavyoonekana, bado haijakamilika.

Kanuni ya Swali

Yafaa tuanze kwa mfano. Tuseme kwamba katika mkutano wa kijiji wanasikika wasemaji wawili:

Mwajuma: Ndugu zangu, wagonjwa wengi hufariki kwa sababu tiba iko mbali. Kwa hiyo tujenge zahanati kwanza, barabara ifuate.

Hamisi: Ni kweli, Ndugu Mwajuma, kwamba wagonjwa wengi hufariki. Lakini hospitali ya wilaya inayo madaktari na dawa. Kinachokosekana ni njia ya kuifikia upesi. Kwa hiyo barabara itangulie.

Je, wanahitilafiana juu ya lipi? Mtu anaweza kujibu kwamba wanahitilafiana kama wagonjwa wanafariki kwa wingi. Jibu hilo si sahihi, maana wote wawili wanalikubali jambo hilo. Mwingine aweza kusema kwamba wanahitilafiana kama hospitali ya wilaya inao madaktari. Hilo nalo si sahihi, kwani Mwajuma hakusema neno lolote juu ya madaktari wa wilaya. Huenda anakubali, huenda anakataa, hatuna haki ya kumsemea. Wa tatu atasema kwamba wanahitilafiana kama kijiji kinayo fedha ya kujenga vyote viwili. Juu ya hilo wote wawili wamenyamaza. Linabaki jambo moja tu: kama zahanati inapasa kutangulia barabara. Mwajuma anasema ndiyo. Hamisi anasema la.

Kutokana na mfano huu tunaipata kanuni, nayo ni fupi. Jambo linalobishaniwa ni kauli moja ambayo msemaji wa kwanza amejifunga kuikubali na msemaji wa pili amejifunga kuikataa, au kinyume chake. Neno "amejifunga" lina uzito wake. Haitoshi kwamba tunadhani msemaji angeikataa kauli fulani kama angeulizwa. Lazima kukataa kwake kuonekane katika maneno aliyoyasema, au kutokane nayo bila shaka. Aidha, haitoshi kwamba wasemaji wametoa sababu tofauti au wamesema kwa ukali. Watu wawili waweza kutoa sababu tofauti wakafikia uamuzi mmoja, na waweza kugombana kutwa nzima bila kuwapo kauli hata moja ambayo mmoja anaithibitisha na mwenzake anaikanusha.

Sharti jingine limejificha ndani ya kanuni hii, nalo ndilo linalowahusu hasa wanaistilahi. Kauli inayokubaliwa na mmoja na kukataliwa na mwingine lazima iwe ni kauli moja. Maneno yaliyomo lazima yawe na maana ile ile katika vinywa vyote viwili. Kama sivyo, basi kauli ni mbili, na ubishi ni wa sura tu.

Walimu wa Ufasaha wa Kiyunani na Kirumi

Mtu anayetajwa sana kuwa aliupanga utaratibu wa kutafuta jambo linalobishaniwa ni Hermagoras wa Temnos, mwalimu wa ufasaha aliyeishi katika karne ya pili kabla ya Kristo. Vitabu vyake vilipotea, lakini mafundisho yake yalihifadhiwa na waliomfuata, hasa Cicero, ambaye akiwa kijana aliandika kitabu cha Kilatini kiitwacho De Inventione, na Quintilian, ambaye alitoa kitabu chake kikubwa cha malezi ya msemaji, Institutio Oratoria, karibu na mwaka 95 baada ya Kristo.

Wayunani waliliita jambo hilo stasis, yaani kusimama au kituo. Warumi wakatumia status, neno lenye maana hiyo hiyo. Fikra yao ilikuwa kwamba maneno ya mshtaki na maneno ya mshtakiwa yakikutana yanasimama mahali fulani, na pale yaliposimama ndipo penye kesi. Hermagoras alivitaja vituo vinne: kama tendo lilitendeka, kama lilitendeka, liitwe jina gani, kama jina limekubaliwa, tendo lilikuwa na sifa gani, la haki au la dhuluma, na mwisho, kama baraza lile ndilo lenye mamlaka ya kulisikiliza shauri lenyewe. Quintilian aliyafupisha matatu ya mwanzo kuwa maswali matatu: Je, lipo? Ni nini? Ni la namna gani?

Mfano waliopenda kuutumia ni wa mtu aliyeiba fedha ya mtu binafsi iliyokuwa imewekwa ndani ya hekalu. Hakuna anayekana kwamba fedha ilichukuliwa. Mshtaki anadai kwamba huo ni wizi wa vitu vitakatifu, kwa kuwa fedha ilitolewa mahali patakatifu. Mtetezi anajibu kwamba ni wizi wa kawaida, kwa kuwa fedha ilikuwa ya mtu na wala si ya miungu. Ubishi wote umesimama juu ya fasili ya jina la kosa, na adhabu inafuata fasili hiyo. Kwa hiyo tangu wakati huo ilijulikana kwamba ubishi wa neno waweza kuwa na matokeo mazito, na kwamba si haki kuupuuza kwa kusema "hayo ni maneno tu".

Wanazuoni wa Fiqhi

Katika elimu ya Kiislamu suala hili lilipewa nafasi ya heshima. Wanazuoni wa misingi ya fiqhi walishika kanuni kwamba kabla ya kutoa dalili, sharti kwanza mahali pa nizaa pabainishwe: mambo yaliyokubaliwa na pande zote yaondolewe, libaki lile moja linalogombaniwa. Baadaye adabu za mabishano zikawa fani inayojitegemea, na mmoja wa waliozitungia risala mashuhuri ni Shams al-Din al-Samarqandi, aliyefariki mwanzoni mwa karne ya kumi na nne. Katika fani hiyo kila upande una wajibu wake: mwenye kudai hudaiwa dalili, na mwenye kuuliza huruhusiwa kukataa sehemu fulani ya dalili hiyo, almuradi aonyeshe anakataa ipi.

Ibn Rushd wa Cordoba, aliyeishi tangu mwaka 1126 hadi 1198, alikwenda mbele zaidi katika kitabu chake Bidayat al-Mujtahid. Humo anazitaja hitilafu za mafakihi mlango kwa mlango, na kila mara hujitahidi kueleza sababu ya kuhitilafiana kwao. Mfano mmoja unawahusu watu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, kwani unahusu eda. Kurani, katika sura ya pili, inamwamuru mwanamke aliyeachwa angoje kwa muda wa quru tatu. Neno hili katika Kiarabu lina maana mbili: laweza kuwa hedhi, na laweza kuwa twahara, yaani kipindi kilicho baina ya hedhi mbili. Malik na Shafii walishika kwamba ni twahara; Abu Hanifa alishika kwamba ni hedhi.

Tazama matokeo yake. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika mwambao wetu, mwanamke aliyeachwa akiwa katika twahara anamaliza eda mara tu anapoingia katika hedhi ya tatu. Kwa madhehebu ya Hanafi hatoki edani mpaka hedhi hiyo ya tatu imalizike. Katika siku hizo chache mume ambaye talaka yake ni ya kurejea ama anayo haki ya kumrejea mkewe ama hana. Na mke ama yu huru kuolewa na mwingine ama hayuko huru. Pande zote mbili zinaikubali aya, zinakubali hesabu ya tatu, na zinakubali kwamba neno lina maana mbili katika lugha. Mahali pa nizaa ni pamoja tu: ipi kati ya maana hizo mbili imekusudiwa katika aya hii.

Wanazuoni hao walitofautisha pia hitilafu ya lafdhi na hitilafu ya maana. Hitilafu ya lafdhi ni ile ambayo pande mbili, zikishaeleza makusudio yao, zinaonekana kuwa hazipingani. Kila moja imetumia neno kwa istilahi yake. Hitilafu ya maana hubaki hata baada ya maneno kufafanuliwa. Hitilafu ya quru inahusu neno, na hata hivyo ni ya maana, kwa sababu baada ya maelezo yote hukumu bado zinapingana.

Mahakama za Uingereza na Urithi Wake

Katika mahakama za Kiingereza za zama za kati mabishano ya mawakili yalifanyika kwa mdomo mbele ya majaji. Baadaye yakawa kwa maandishi. Lengo lilikuwa kulifikisha shauri kwenye jambo moja ambalo upande mmoja unalithibitisha na upande wa pili unalikanusha. Aliyeshtakiwa alikuwa na njia kuu tatu: kuyakana maelezo ya mdai, kuyakubali lakini kuongeza jambo jipya linaloyaondolea nguvu, au kusema kwamba hata kama maelezo yote ni kweli, sheria haimpi mdai haki anayoidai. Jambo la mambo yaliyotendeka lilipelekwa kwa baraza la wazee wa mahakama, na jambo la sheria liliamuliwa na majaji wenyewe.

Utaratibu huu ulikuwa na manufaa yake, lakini kwa kadiri miaka ilivyopita ulizidi kuwa wa kimaandishi na wa hila, hata watu wenye haki wakashindwa kwa kosa dogo la uandishi. Marekebisho yalifanywa kwa sheria ya mwaka 1852, na hasa kwa sheria za mahakama za mwaka 1873 na 1875.

Fikra yenyewe, hata hivyo, haikutupwa. Iliandikwa waziwazi katika sheria ya mwenendo wa madai ya India ya mwaka 1908, na kutoka huko ikaingia Afrika Mashariki, ambako Waingereza walizitumia sheria nyingi za India. Tanzania ilipotunga sheria yake ya mwenendo wa madai mwaka 1966, Amri ya 14 ya sheria hiyo ilibaki na maelezo yale yale: suala la kuamuliwa huzuka pale ambapo upande mmoja unathibitisha jambo la msingi, la sheria au la mambo yaliyotendeka, na upande mwingine unalikanusha. Kila jambo la namna hiyo huwa suala mbalimbali, na mahakama hutakiwa kuyabainisha masuala hayo mwanzoni, kabla ya kusikiliza ushahidi.

Msomaji ataona kwamba maelezo hayo na kanuni ya mtihani tuliyoieleza hapo juu ni kitu kimoja. Si jambo la kushangaza kwamba mtihani wa kuwachagua wanafunzi wa sheria unapima uwezo ambao hakimu anautumia katika kila shauri la madai.

Karne ya Ishirini Nchini Marekani

Wanafalsafa wawili wa Marekani waliongeza mambo ambayo yanastahili kukumbukwa. Wa kwanza ni William James, ambaye katika kitabu chake Pragmatism cha mwaka 1907 alisimulia ubishi wa watu waliokuwa wamepiga kambi milimani. Kindi ameng'ang'ania shina la mti, na mtu yuko upande wa pili. Mtu anakimbia kuuzunguka mti ili amwone, lakini kindi naye anasogea kwa kasi ile ile, hivi kwamba mti uko kati yao daima. Mtu ameuzunguka mti. Je, amemzunguka kindi? Kambi iligawanyika nusu kwa nusu. James aliwajibu kwamba inategemea neno "kuzunguka" lina maana gani. Likiwa na maana ya kuwa kaskazini ya kindi, kisha mashariki, kisha kusini, kisha magharibi, basi amemzunguka. Likiwa na maana ya kuwa mbele yake, kisha kuliani, kisha nyuma, kisha kushotoni, basi hakumzunguka, kwani kindi alimwelekezea tumbo muda wote. Maana zikitengwa, hakuna linalobaki la kubishania. Hii ni hitilafu ya lafdhi iliyo kamili.

Wa pili ni Charles Stevenson, ambaye mwaka 1944 alitoa kitabu kiitwacho Ethics and Language. Yeye alitofautisha hitilafu ya imani na hitilafu ya msimamo. Watu wawili waweza kukubaliana juu ya kila habari, bei, umbali na idadi, na bado mmoja akalitaka jambo na mwingine asilitake. Aidha alionyesha kwamba baadhi ya maneno hubeba msimamo ndani yake, na kwamba mtu anayelipa neno kama hilo fasili mpya huenda anajaribu kuwageuza watu nyoyo huku akionekana kama anafafanua lugha tu.

Mtihani wa LSAT ulifanywa kwa mara ya kwanza mwezi Februari 1948. Umebadilishwa sura mara kadhaa. Kuanzia mwaka 1991, kwa miaka mingi, sehemu mbili kati ya nne zilizohesabiwa alama zilikuwa za kufikiri kimantiki. Na tangu Agosti 2024, ilipoondolewa sehemu ya mafumbo ya kupanga vitu, sehemu zinazohesabiwa ni tatu, mbili kati yake zikiwa ni hizo za kufikiri kimantiki. Swali letu la wasemaji wawili ni mojawapo ya aina za maswali yaliyomo humo.

Hali ya Istilahi Katika Kiswahili

Sasa tuitazame lugha yetu. Kwa bahati njema msamiati upo, na sehemu kubwa yake imetokana na ile ile elimu ya fiqhi tuliyoitaja. Tunalo neno hoja, ambalo asili yake katika Kiarabu ni dalili au uthibitisho. Tunalo dai, na kutokana nalo mdai, mdaiwa na madai. Tunayo maneno swali na suala, ambayo yana shina moja lakini yamegawana kazi: swali huulizwa, suala hushughulikiwa. Tunalo pia neno hitilafu, ingawa siku hizi husikika zaidi kwa maana ya kasoro ya mtambo, kama hitilafu ya umeme. Kitenzi chake, kuhitilafiana, ndicho kilichobaki na maana ya kutokubaliana.

Tatizo liko katika mgawanyo wa kazi, na neno linaloelemewa kuliko yote ni hoja. Bungeni, hoja ni pendekezo linalotolewa ili lijadiliwe na kuamuliwa. Ndiyo maana mbunge husema anaiunga mkono hoja. Darasani, hoja ni sababu pamoja na hitimisho linalotokana nayo. Katika insha za wanafunzi, hoja ni kila nukta moja katika orodha ya nukta. Katika mazungumzo, asiye na hoja ni mtu asiye na sababu ya maana. Na katika mashauri, hoja huitwa pia lile jambo ambalo mahakama inatakiwa kuliamua. Kwa dhana hii ya mwisho wengine husema "hoja bishaniwa", wengine "kiini cha mgogoro", wengine "jambo linalobishaniwa", na wengine "suala" bila kuongeza neno.

Mambo haya yalikuwa na uzito mdogo wakati hukumu na kumbukumbu nyingi za mahakama za juu zilipoandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na lugha ya mahakama. Tangu hapo mfasiri anayechagua neno kwa dhana hii hachagui neno la kupamba ripoti. Anachagua neno ambalo mdai na mdaiwa, ambao huenda hawana mawakili, watalisikia na kulitumia kujua ni jambo gani hasa wanatakiwa kulithibitisha. Mtu akiambiwa kwamba mahakama itasikiliza "hoja tatu", akadhani kwamba ametakiwa kutoa sababu tatu, atakuja na sababu zake tatu nzuri, na jambo linaloamuliwa litapita bila yeye kuleta shahidi hata mmoja.

Kwa maoni ya mwandishi, dhana hii ingefaa iitwe suala bishaniwa, kwa sababu zifuatazo. Kwanza, hoja yaweza kupingwa na mtu ambaye anakubali hitimisho lake. Anayesema "umefika mahali sahihi kwa njia mbovu" anabishia hoja, lakini habishii jambo lenyewe. "Hoja bishaniwa" inayachanganya hayo mawili. Pili, neno kiini linadokeza kitu kimoja kilichomo katikati, ilhali shauri moja laweza kuwa na masuala matatu au manne, na sheria inataka kila moja litajwe peke yake. Tatu, suala limekwisha kuzoeleka kwa maana ya jambo linalohitaji kushughulikiwa, na linakubali wingi bila taabu: masuala bishaniwa. Neno hoja libaki kwa sababu na hitimisho zikiwa pamoja. Kila kauli moja inayotangulia iitwe sababu, inayofuata iitwe hitimisho, na kile ambacho mtu anashikilia kabla ya kukitolea sababu kiitwe dai. Hoja ya Bunge ina mazoea yake ya miaka mingi, wala hapana haja ya kuigusa, muktadha unaipambanua.

Aidha, yafaa tuwe na jozi ya istilahi za kutofautisha aina za kuhitilafiana. "Hitilafu ya lafdhi" na "hitilafu ya maana" zimekwisha kukomaa katika fani yake. Kwa mwalimu ambaye angeogopa kwamba wanafunzi watadhani lafdhi ni lafudhi ya msemaji, yaani matamshi yake, "ubishi wa neno" na "ubishi wa jambo" zitatosha.

Mfano wa Kwetu: Mgogoro wa Ushairi

Ili kuonyesha kwamba upambanuzi huu una matumizi nje ya mahakama, tuchukue ubishi ambao walimu wa Kiswahili wanaujua vema. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, ambamo vina na mizani vina nafasi ya msingi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani yenye tungo zisizofuata vina wala mizani. Na mwaka 1979 Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi walitoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, ambamo walitetea fasili pana zaidi ya ushairi. Ubishi ulikuwa mkali, ukaendelea kwa miaka mingi magazetini na katika makongamano.

Tukiuliza maswali matatu ya Quintilian, tunaona kwamba ubishi huo ulikuwa na tabaka tatu. Tabaka la kwanza ni la habari: je, tungo za Kiswahili za zamani, pamoja na nyimbo za ngoma na za kazi, zote zilifuata vina na mizani ya idadi maalumu? Hili huamuliwa kwa kuzikusanya tungo zenyewe na kuzichunguza. Tabaka la pili ni la jina: shairi ni nini? Hapa neno lina maana mbili. Katika mapokeo, shairi ni bahari moja miongoni mwa bahari nyingine, likitofautishwa na utenzi na wimbo. Katika matumizi mapana, shairi ni kila utungo ulio wa kishairi. Anayesema kwamba utungo usio na vina si shairi, akikusudia maana ya kwanza, hapingani na anayesema kwamba utungo huo ni shairi kwa maana ya pili. Ni kindi na mti wake.

Tabaka la tatu ndilo lililobaki baada ya hayo: je, tungo hizo mpya zinastahili kuheshimiwa na kufundishwa shuleni kama sehemu ya urithi wa ushairi wa Kiswahili? Hapa upande mmoja ulisema ndiyo na mwingine ukasema la, kwa maana moja ya maneno. Hili lilikuwa suala bishaniwa la kweli. Hata majina yaliyotumika yalibeba msimamo: aliyeuita utungo "guni" alikuwa amekwisha kuuhukumu kuwa una kasoro, na aliyeuita "shairi huru" alikuwa amekwisha kuupa cheo cha shairi na sifa ya uhuru juu yake. Kila upande ulipolitumia jina lake, ulidhani unatoa sababu, kumbe ulikuwa unarudia hitimisho.

Hitimisho

Historia tuliyoipitia inaonyesha kwamba watu wa lugha na dini mbalimbali, wengi wao wakiwa mbali kwa karne nyingi, walifikia utaratibu unaofanana: ondoa yaliyokubaliwa, ondoa ambayo mmoja ameyanyamazia, hakikisha kwamba maneno yana maana moja, kisha itaje kauli ambayo huyu anaithibitisha na yule anaikanusha. Mtihani wa Marekani umeugeuza utaratibu huo kuwa swali la majibu matano, lakini mwenyekiti wa kikao, mwalimu wa mdahalo, hakimu wa mahakama ya mwanzo na afisa anayeandika muhtasari wa mkutano wanauhitaji vilevile.

Kwa wafasiri na wanaistilahi lipo fundisho la ziada. Hatua ya tatu katika utaratibu huo, yaani kuhakikisha kwamba maneno yana maana moja, ni kazi yetu. Ikifanywa vibaya, watu wenye nia njema watabishana bila kupingana, au watapingana bila kujua. Ni matumaini yetu kwamba walimu na maafisa wa mahakama watayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao za kila siku, na kwamba watakaoyaona hayafai watatuandikia wakitaja ni kauli ipi hasa wanayoikataa.